Jaketi la Manyoya ya Bata kwa Mvuvi wa Usiku: Joto Lake, Hatari Yake na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, masheikh wetu. Mimi ni mama wa visiwani huku Kilwa. Mwanangu anavua dagaa usiku. Msimu wa kusi uliopita nilimnunulia mtumba jaketi zito lililofura kama mto, nikijua litamkinga na baridi. Usiku mmoja wimbi liliwaingilia chomboni, akarudi alfajiri anatetemeka hata kusema hawezi, na jaketi limelowa, limekuwa kama tambara. Baadaye mtu akatuambia kwamba ndani yake mna manyoya ya ndege waliokufa bila kuchinjwa, kwa hiyo swala zote alizoswali nalo zimebatilika. Nauliza mawili: jaketi hili linafaa kwa bahari? Na je, mwanangu alipe swala zake?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yetu. Alhamdulillah, tunamshukuru Allah aliyemrudisha mwanao salama. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. Jibu kwa ufupi ni hili: jaketi la manyoya ya ndege ni vazi la baridi kavu, halifai kwa mvuvi anayelowa. Na mwanao halazimiki kulipa swala zake, kwa sababu hakuna yakini kwamba alibeba najisi. Kwa kuwa majaketi haya yamejaa katika masoko yetu na wengi wanauliza, tutayaeleza kwa urefu ili kila familia iweze kuchagua kwa elimu.

1. Jaketi hili ni nini, na limetufikiaje?

Katika nchi za baridi kali watu wanaotoka alfajiri kuwinda bata maji, kulungu na wanyama wengine hukaa kimya mahali pamoja kwa saa nyingi, theluji ikiwazunguka. Mtu asiyetembea mwili wake hautoi joto la kutosha, ndipo wakashonewa nguo zilizojazwa manyoya laini kabisa ya kifuani mwa bata na bata bukini. Manyoya haya hayana mti wa katikati kama unyoya wa bawa. Ni kama vinyweleo vinavyotawanyika pande zote, na kati yake hewa hunaswa. Kinachomtia mtu joto ni ile hewa iliyotulia, si unyoya wenyewe. Unyoya kazi yake ni kuishika hewa isiondoke.

Wenzetu wa huko wakishazichoka nguo hizo, huzitoa, hufungwa marobota na kuletwa Dar es Salaam pamoja na mitumba mingine. Kutoka hapo hufika Lindi, Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Somanga, na mwisho huvuka kwenda Songo Songo na visiwa vingine. Muuzaji hakuelezi lilishonewa kazi gani. Yeye hukuambia tu kwamba ni zito na lina joto, na hilo ni kweli, ila ukweli wenyewe haujakamilika.

Namna ya kulitambua ni rahisi. Soma lebo iliyoshonwa ndani ya ubavu au shingo. Lebo ya Kiingereza huandika Down, ya Kijerumani Daunen, ya Kifaransa duvet, ya Kiitaliano piuma au piumino. Mara nyingi hufuatiwa na asilimia, mfano 90 kwa 10, maana yake sehemu 90 ni manyoya laini na sehemu 10 ni manyoya yenye mti. Lebo ikisema Polyester peke yake, kilichojazwa ni nyuzi za kiwandani. Kama lebo imekatwa, libinye jaketi kwa vidole: la manyoya hunywea hadi kuwa dogo kisha hufura tena polepole, na mara nyingine utahisi vijiti vyembamba vikikuchoma au utaona kinyoya kimechomoza kwenye mshono. La poliesta hujaa mkononi kwa usawa na halina vijiti.

Baadhi yana namba begani au kifuani kama 550, 700 au 800. Hiyo ni nafasi, kwa inchi za ujazo, inayojazwa na aunsi moja ya manyoya hayo, yaani gramu 28 hivi. Namba ikiwa kubwa, manyoya yananasa hewa nyingi zaidi kwa uzito uleule. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu maji, wala jaketi la 800 halimfai mvuvi kuliko la 550.

2. Kwa nini halifai baharini?

Manyoya yakilowa hushikana, yakawa mabonge kama pamba iliyochovywa. Hewa iliyokuwa imenaswa huondoka na joto huondoka nayo. Hapo mtu amebaki amevaa kitambaa chembamba chenye maji, na upepo wa kusi unampiga. Ndilo lililompata mwanao.

Mtu anaweza kuuliza: pwani yetu ina baridi gani? Miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, joto la usiku huku hushuka hadi karibu na nyuzi 20, na maji ya bahari huwa karibu na nyuzi 25. Kwa aliye nyumbani hiyo ni raha. Lakini mwili wa binadamu una nyuzi 37, na maji huuondolea mwili joto kwa kasi kubwa kuliko hewa, zaidi ya mara ishirini. Mtu aliyelowa na kukaa kwenye upepo saa nne au tano, tena amechoka na hajala, hupoteza joto zaidi ya analolitengeneza. Hahitaji theluji ili adhurike.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka kwenye kitambaa huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Jaketi lililolowa maji ya bahari halikauki sawasawa mpaka lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na visiwani maji hayo tunayajua yanavyopatikana kwa tabu. Hata likisuuzwa, jaketi la manyoya huchukua siku kadhaa juani, na huku likipigwapigwa ili mabonge yafunguke. Likikunjwa bichi huota ukungu na kunuka.

La pili ni kuogelea. Ukitumbukia nalo mwanzoni hufura na kukuelemeza juu kwa muda mfupi, kisha hewa hutoka. Likiwa limelowa huibana mikono isirushwe vizuri, na pale unapotaka kujivuta kurudi chomboni, maji yote yaliyomo ndani hugeuka mzigo mabegani. Tena wapo vijana wanaoacha kuvaa jaketi okozi kwa hoja kwamba jaketi hili limefura na litawaelesha. Hilo ni kosa linaloua. Jaketi la manyoya si boya.

Yapo pia majaketi ambayo manyoya yake yametiwa dawa ya kuzuia maji. Hayo hustahimili ukungu na manyunyu kwa muda zaidi, lakini hayakutengenezwa kwa wimbi.

3. Hukumu ya manyoya yenyewe

Tuanze na asili. Katika Suratun Nahl, aya ya 5 na ya 80, Allah anatukumbusha neema ya wanyama aliotuumbia, kwamba katika hao tunapata vitu vya kututia joto, na katika sufi zao na nywele zao tunapata vyombo na vitu vya kutufaa. Kwa hiyo kujikinga na baridi kwa vitu vinavyotokana na wanyama ni neema ya kushukuriwa, wala si jambo la kutiliwa shaka tangu mwanzo. Suala ni unyoya umetoka kwa ndege gani, na kwa njia gani.

(a) Ndege wa halali aliyechinjwa kisharia. Manyoya yake ni tohara bila ya khilafu.

(b) Ndege wa halali aliye hai. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba kinachokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mfu. Wanazuoni wametoa katika hukumu hiyo nywele, sufi na manyoya ya mnyama anayeliwa, wakayahesabu kuwa ni tohara. Lakini tohara ni jambo moja, na kumtesa kiumbe ni jambo jingine. Kumnyofoa bata manyoya akiwa hai kunamuumiza, na dini yetu imekataza kutesa wanyama. Baadhi ya viwanda sasa vina alama inayothibitisha kwamba ndege hawakunyofolewa hai. Iliyo mashuhuri, Responsible Down Standard, ilianza mwaka 2014, nayo huandikwa kwa herufi RDS. Anayenunua jipya na aitafute.

(c) Ndege aliyekufa bila kuchinjwa kisharia. Hapa ndipo penye khilafu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, manyoya hufuata mwili: mwili ukiwa ni mfu, manyoya nayo ni najisi. Katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali, manyoya ya ndege ambaye ni tohara katika uhai wake hubaki tohara, kwa kuwa unyoya hauna uhai wa kuhisi maumivu. Na Wamaliki wakatenganisha vinyweleo na ule mti wa katikati. Sisi watu wa mwambao ni wafuasi wa Imam Shafi tangu zama za mababu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu hayo. Basi si ajabu kwamba huyo aliyewaambia neno hilo ameinukuu kauli ya madhehebu yetu. Kosa lake ni kuishia katikati.

(d) Unyoya usiojulikana. Wanazuoni wa Shafi wenyewe wameeleza kwamba unyoya au unywele ukipatikana na ukatiwa shaka, je, ni wa mnyama anayeliwa au asiyeliwa, ulitoka kwake akiwa hai au amekufa, basi huhukumiwa kuwa ni tohara. Sababu ni kanuni kubwa ya fiqhi kwamba yakini haiondoshwi na shaka, na asili ya vitu ni tohara. Jaketi la mtumba limepita mikono mingi. Manyoya yake yamechanganywa kutoka kwa ndege wasiohesabika, waliochinjwa na watu wasiojulikana, katika nchi ambayo mara nyingine hata lebo haiitaji. Hiyo ndiyo shaka yenyewe.

Kwa hivyo, mama yetu, swala za mwanao zinabaki katika usahihi wake na halazimiki kuzilipa. Kwa siku zijazo, mwenye kutaka kutoka katika khilafu ana njia nyepesi: avue jaketi anaposwali, aliweke pembeni, kisha alivae tena. Kutoka katika khilafu ni jambo jema, ila si ruhusa ya kuwabatilishia watu ibada zao.

Ikiwa mtu amepata yakini, kwa mfano anafanya kazi kiwandani na ameona kwa macho yake kwamba ndege wale hawakuchinjwa kisharia, huyo hukumu yake ni nyingine. Amwendee sheikh wake wa karibu amweleze hali yake.

Na wale wanaouliza kuhusu mitumba kwa jumla kwa kuwa imevaliwa na wasio Waislamu, wakumbuke hadithi ya Mughira bin Shu'ba (r.a.) iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) katika safari alivaa juba la Kishami. Safari hiyo ilikuwa ya Tabuk, na Sham wakati huo haikuwa bado nchi ya Waislamu. Wanazuoni wakachukua humo dalili kwamba nguo iliyotengenezwa na wasio Waislamu inavaliwa na kuswaliwa, maadamu najisi haijaonekana. Kuifua mitumba kabla ya kuivaa ni usafi na afya, nako kunapendeza.

4. Vitu vingine vya kukagua kwenye jaketi hilo

Kofia yenye manyoya ya mnyama. Majaketi mengi ya baridi yana ukanda wa manyoya marefu pembeni mwa kofia. Baadhi ni ya plastiki, lakini mengine ni ya mbweha au ya wanyama wa jamii ya mbwa. Ukigawa manyoya na ukaona ngozi halisi chini yake, si kitambaa cha kufumwa, jua ni ya mnyama. Hapa usijitie katika utata: ukanda huo kwa kawaida umefungwa kwa zipu au vifungo, uvue. Kama umeshonwa, fundi cherehani ataukata kwa dakika chache, na jaketi halitaharibika.

Ngozi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ngozi ikidibaghiwa inatoharika. Katika madhehebu yetu ngozi ya nguruwe na ya mbwa hazitohariki hata zikidibaghiwa. Ngozi ya nguruwe hutumika sana katika bitana za viatu, glavu na mifuko. Alama yake ni vitundu vya nywele vilivyokaa vitatuvitatu kama pembetatu. Ukiiona, iache.

Hariri. Ni haramu kwa wanaume katika hali ya kawaida, ila bitana linalong'aa karibu kila mara ni poliesta. Ukitaka hakika, chomoa uzi mmoja uuchome: hariri hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu linalopukutika, poliesta huyeyuka na kuwa kijiwe kigumu.

5. Mabaka ya kijeshi: jambo la kutahadhari sana

Kwa kuwa majaketi haya wengi wao waliyavaa wawindaji, mengi yana rangi za mabakamabaka ya majani na magome ya miti ili mwindaji asionekane. Kwao ni nguo ya kawaida. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo. Mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa tangazo la kuwapa raia wenye mavazi hayo siku saba kuyasalimisha. Kijana anaweza kununua jaketi la mabaka kwa nia njema kabisa, kisha akajikuta mikononi mwa askari bandarini. Mama, baba, likiwa la mabaka usilinunue hata likiwa rahisi namna gani. Chagua rangi ya kung'aa, nyekundu au ya chungwa. Rangi hiyo ina faida kubwa zaidi: mtu akianguka majini, wenzake humuona.

6. Basi mvuvi wa usiku avae nini?

Mavazi ya baharini ni tabaka tatu, na kila moja lina kazi yake.

Tabaka la mwilini ni fulana ya poliesta au ya sufi nyembamba inayoshika mwili. Usitumie pamba: pamba ikilowa hukaa na maji muda mrefu na kuupoza mwili. Fulana za michezo za mtumba, zile za kuchezea mpira, zinatosha kabisa na bei yake ni ndogo.

Tabaka la kati ni sweta la sufi halisi, au jaketi lililojazwa poliesta. Sufi ina ajabu ambayo Allah ameiweka ndani yake: hunyonya unyevu mwingi bila mtu kuhisi amelowa, na hata ikilowa hubakiza sehemu ya joto lake. Ndiyo maana mabaharia wa nchi za baridi waliivaa karne nyingi kabla ya kuwapo nguo za viwandani. Poliesta nayo haishikani ikilowa kama yanavyoshikana manyoya, na ukiikamua na kuikung'uta hurudisha joto kwa haraka.

Tabaka la nje ni koti la mvua lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia, na suruali yake kama itapatikana. Wanaobania bajeti waanze na hili. Mara nyingi kinachomuua mtu joto ni upepo juu ya nguo mbichi, na koti jepesi la mvua juu ya sweta la kawaida linashinda jaketi la manyoya la thamani.

Juu ya yote hayo, jaketi okozi lililofungwa, si lililokaliwa. Lijaribu nyumbani ukiwa umevaa tabaka zote, uone kamba zake zinafika. Kichwani, boshori la sufi. Kisha weka nguo kavu seti moja, pamoja na shuka au blanketi, ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana au mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Ndoo hiyo isiguswe isipokuwa kwa dharura. Kama jaketi la manyoya mnalo tayari, mahali pake ni humo ndooni, au nyumbani likimsubiri mwenyewe akishafika pwani na kubadilisha nguo.

Wanawake wanaoingia kuvua pweza wakati wa bamvua nao ni vivyo hivyo. Kanga na dera za pamba zikishalowa hubaki na baridi mpaka mtu arudi nyumbani. Suruali na fulana ya poliesta ndani ya vazi lake la stara humsitiri na kumtia joto.

Kabla ya yote, isikilizwe taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo na mawimbi. Hakuna nguo inayoizidi busara ya nahodha aliyeamua kulala.

7. Udhu na nguo nzito

Majaketi haya yana mpira unaobana kwenye vifundo vya mikono. Wengine hutawadha kwa kupitisha maji juu kidogo, kiwiko kikabaki kikavu, na udhu haujatimia. Katika hadithi ileile ya Mughira (r.a.), mikono ya lile juba ilikuwa myembamba, Mtume (s.a.w.) hakuweza kuipandisha, akaitoa mikono yake kwa chini ya juba, akaiosha, kisha akapangusa juu ya khofu zake. Hilo ndilo la kufuata: fungua zipu, toa mkono, osha mpaka kiwikoni.

Na kupangusa juu ya viatu kunafaa kwa sharti kwamba viwe tohara, vinafunika vifundo vya miguu, vinaweza kutembelewa, na vimevaliwa mtu akiwa na udhu. Mkazi hupangusa kwa siku moja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu.

8. Jaketi la manyoya linafaa wapi?

Hatusemi litupwe. Linafaa sana kwa anayekwenda kwenye baridi kavu: mwanafunzi anayepangiwa shule Njombe, Makete au Mbeya, ambako kipupwe huleta barafu ya alfajiri mashambani; mpagazi wa Mlima Kilimanjaro; au ndugu anayesafiri kwenda Ulaya au Canada wakati wa baridi. Linakunjwa dogo, ni jepesi, na joto lake kwa uzito wake ni gumu kushindwa. Huko nako litahitaji koti la mvua juu yake.

Wapo pia ndugu zetu wa mkoa wa Lindi wanaofanya kazi ya kufuata nyayo katika vitalu vya uwindaji vya bara, upande wa Liwale na pori la Selous. Msimu wa uwindaji huanza Julai, na alfajiri husimama nyuma ya gari la wazi likienda mbio. Kwao jaketi la manyoya linafaa garini, lakini si porini: miiba huchana kitambaa chake chembamba na manyoya hutoka, na nailoni huchakarisha mnyama akasikia. Wakishuka, wavae sweta la sufi lisilo na sauti. Na ifahamike kwamba uwindaji wa nchi kavu una sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwinda bila kibali ni kosa, hata kama mnyama mwenyewe ni halali kuliwa.

9. Kumsaidia aliyepigwa na baridi

Dalili za mwanzo ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga fundo, na maneno kukokoteka. Mtu akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amechanganyikiwa, msidhani amepona. Hiyo ni dalili ya hatari. Mvueni nguo zote mbichi, mkausheni, mvisheni kavu na mfunikeni kichwa. Mlazeni pasipo upepo, na mtu mwenye mwili mkavu akae karibu naye ndani ya blanketi. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu, msimweke karibu sana na moto, wala msimwache alale peke yake. Aliyechanganyikiwa au aliyezimia apelekwe kituo cha afya mara moja, akibebwa kwa upole.

HITIMISHO

Bahari yetu Allah ametuhalalishia mawindo yake katika Suratul Maida, aya ya 96, na anayetoka usiku kuwatafutia wanawe rizki ya halali yuko katika jambo tukufu. Lakini Mola wetu huyohuyo, katika Suratul Baqara aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Kumchagulia mwana nguo inayofaa ni sehemu ya amana hiyo.

Basi mama yetu, usijilaumu. Ulinunua kwa mapenzi, na sasa umeuliza upate kujua. Lisuuze jaketi hilo kwa maji yasiyo na chumvi, likaushe, angalia kofia yake na rangi yake, kisha muwekee atakayesafiri bara. Kwa mwanao tafuta fulana ya mpira, sweta la sufi, koti la mvua na jaketi okozi. Swala zake ziko salama, na aendelee kuziswali kwa wakati wake.

Tunamuomba Allah awahifadhi wavuvi wetu, nchi kavu na baharini, na awarudishe majumbani mwao na rizki iliyo njema.

Wallahu a'lam.